Firigisi ya Baba Nekesa

Juzi asubuhi, nikiwa hapa Korogwe nachambua mchele, simu ililia mara kumi na saba kabla sijapata nafasi ya kunawa mikono. Nilikuwa nimetiwa kwenye kundi la mazishi bila kuulizwa, kama Wakenya wafanyavyo wanapofiwa: namba yako ikikutwa kwenye simu ya marehemu, basi wewe ni mwombolezaji. Mama Nekesa wa Jericho, Nairobi, alikuwa amefariki. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini, ingawa kila Krismasi alinipigia kunisalimu, na kila Krismasi niliipokea simu hiyo nikiwa nimesimama. Nilisoma rambirambi zao na, Mungu anisamehe, nilicheka. Watu walewale waliomvua mshipi mbele ya kanisa zima sasa walikuwa wanamwita nguzo. Askofu wao, ambaye nilidhani alishakufa zamani, alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita kueleza jinsi alivyomlea kiroho. Nilimvumilia hadi dakika ya pili, nikarudi kwenye mchele wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mwaka ule. Nilikwenda Nairobi kusahihisha Kiswahili cha vitabu vya shule katika kampuni ndogo ya uchapaji huko eneo la viwanda, na mtu anayelipwa kutwa nzima kutafuta makosa ya wenzake haiachi kazi hiyo getini. Niliwasahihisha makondakta, nikawasahihisha wauza sukuma wiki wa soko la Jericho, nikawasahihisha watoto ambao hawakujua shikamoo ni kitu gani. Vijana waliokaa kwenye ukuta nje ya nyumba yetu walinijua kwa hilo. "Niaje, madam wa Tanzania! Hebu bonga ile Kiswa yako ngumu tusikie," walikuwa wakiniambia, nami nilipita bila kujibu, pua juu, kana kwamba nimebeba lugha yote ya Kiswahili kwenye mkoba na naogopa wataiiba. Sasa nikikumbuka naona haya. Wakati ule sikuona haya hata kidogo. Niliona uchovu wa mtu mwenye akili kuishi na wasio nayo.

Nyumba ilikuwa ya kaunsili, vyumba viwili na jiko lisilotosha watu wawili wanene. Mama Nekesa aliishi chumba kimoja na binti yake wa miaka kumi na mmoja, chumba cha pili alinipangisha mimi. Sebule ndiyo iliyokuwa hicho chumba chake, kitanda kikiwa nyuma ya pazia, na kila kitu kilichosimama wima humo kilivishwa kitambaa cha kufuma: viti, redio, meza, hata chupa ya chai ilikuwa na kofia yake. Alifuma yeye mwenyewe, kwa uzi mweupe, akavifua kila Jumamosi. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi, na chini ya picha kulikuwa na kiti chenye mikono ambacho hakuna aliyekikalia. Nilikikalia siku yangu ya kwanza. Akaniambia kwa upole, "Eliza, hicho ni cha Baba Nekesa." Jina langu ni Eliwaza, lakini Jericho nzima haikuwa na subira ya silabi nne. Baba Nekesa, nikaambiwa, alikuwa amepelekwa Mombasa kikazi.

Kanisa lao sitalitaja. Jina lake lilikuwa refu kuliko orodha ya waumini. Watu kama arobaini hivi, karibu wote wametoka magharibi mwa Kenya, waliokuwa na askofu mmoja, maaskofu wasaidizi wawili, mchungaji, na mzee aliyeitwa Kanali sijui wa jeshi gani. Walivaa kanzu nyeupe na vilemba, wakapiga ngoma, wakatembea mitaani Jumapili asubuhi wakiimba mpaka waliolewa pombe jana yake wafungue madirisha kutukana. Mimi ni Mlutheri. Sisi huimba tukiwa tumekaa penye benchi na kitabu. Niliandamana nao kwa sababu Jumapili ya mgeni ni ndefu, na kwa sababu Mama Nekesa alikuwa kiongozi wa akina mama, mwenye mshipi mwekundu kiunoni, na alipoanzisha wimbo hata mimi nilisahau kwamba nawadharau. Ilidumu beti mbili. Halafu Askofu alisimama kuhubiri katika joho la zambarau alilolishonesha Majengo, nikakumbuka.

Firigisi niliiona kwanza siku ya Pasaka. Tulichinja kuku, waumini kadhaa wakaja kula, na kabla ya mtu yeyote kupakuliwa Mama Nekesa aliitoa firigisi, akaiweka peke yake kwenye sahani, akaifunika kwa bakuli, akaiweka mezani mbele ya kile kiti kitupu. Sikuhitaji kufafanuliwa. Hata kwetu wazee walikuwa na mambo hayo: firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwanamke haigusi. Ila kwao, ambako huiita imondo, jambo hilo ni zito kuliko hati ya nyumba. Anayeila ndiye mwenye mji; ukimpa mwanamume mwingine, umemkaribisha penye kiti na kitandani. Tulikula, tukaimba, wakaomba kwa ajili ya "ndugu yetu aliye safarini," na jioni Mama Nekesa alifunua bakuli akampa paka. Nilimtazama yule paka wa Jericho akitafuna heshima ya mwanamume, nikasema moyoni kwamba ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Wakati huo nilikuwa sijajua lililobaki. Nililisikia siku hiyohiyo, nikipanga vyombo jikoni, wanawake wawili wa kanisani wakiosha masufuria nje ya dirisha.

"Hii Mombasa haina likizo?" mmoja aliuliza.

"Mombasa gani, dada? Mombasa ya Mukuru," akajibu mwenzake, wakacheka mpaka sufuria ikaanguka.

Kumbe kila mtu alijua. Baba Nekesa alipunguzwa kazi reli, akapata kibarua katika kiwanda kimoja, akapata na mwanamke huko Mukuru kwa Reuben, na kwa miaka mitatu alikuwa anaishi naye mahali ambapo ngoma za kanisa, upepo ukikaa vizuri, karibu zingemfikia. Mwezi wa sita nilimwona mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kazini kutafuta chakula cha mchana, naye alikuwa kwenye kibanda akila githeri, mahindi na maharagwe, pamoja na mwanamke mwenye tumbo kubwa. Nilimtambua kwa picha ya harusi. Sikumwambia Mama Nekesa. Nilijiambia kwamba namhurumia, lakini ukweli ni kwamba nilifurahia kujua. Kila waliposimama kuwaombea wasafiri nilifungua jicho moja nikawatazama, watu wazima arobaini waliofumba macho kwa pamoja ili wasione kitu kilicho umbali wa kutembea kwa miguu.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini anaendelea kufunika ile sahani. Alikuwa anafuma, hakuinua kichwa. "Askofu alisema nisichoke. Siku atakayorudi akute nafasi yake. Nikiacha, watasema ni mimi nilimfukuza." Halafu akahesabu matundu ya uzi, akasema, "Na mimi namtaka, Eliza. Nyinyi wasomi mnafikiria ni Askofu peke yake." Niliona ni jibu la mtu asiyejiheshimu, nami nilikuwa msichana ambaye hakuwahi kumtaka mtu kiasi cha kupikia kiti.

Krismasi ikafika. Nilikuwa nadhani sikukuu iko popote alipo mtu. Kwa wale wenzangu sikukuu iko ushago, yaani kijijini kwao, na anayekutwa Jericho tarehe ishirini na tano ana kesi ya kujibu. Kuanzia katikati ya Desemba kila mtu alikuwa anafunga mabegi, au anasema anafunga. Waliobaki walishusha mapazia, wakazima redio, wakatoka kwa kunyata kununua unga ili majirani waamini wamesafiri. Ndugu Zablon, mpiga ngoma wetu, alimwambia mama yake kwenye simu kwamba basi lao limeharibika Nakuru na hajui kama watafika. Alisema hayo akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yetu, kisu mkononi, akimenya vitunguu. Mama Nekesa alimtuma Nekesa kwa bibi yake pamoja na shangazi mmoja, na ujumbe kwamba Baba na Mama wote wamebanwa na kazi mjini. Nami je? Niliandika nyumbani kwamba ofisi imeninyima ruhusa. Ofisi ilikuwa imefungwa. Sikutaka tu kurudi Korogwe na sanduku lilelile nililoondoka nalo. Lakini uongo wangu niliuona wa kistaarabu. Nyani haoni kundule.

Nilijitolea kupika pilau. "Hiyo pilau tutakula kwa harusi yako," Mama Nekesa alisema. "Leo ni chapo na kuku." Jogoo mwenyewe alikuwa amekaa siku tatu amefungwa chini ya meza ya jikoni, akiwika saa yoyote aliyojisikia. Asubuhi ya Krismasi Mama Nekesa aliipiga pasi kanzu yake mara mbili, na mshipi pia. Firigisi hakuichemsha pamoja na nyama nyingine. Aliikaanga peke yake, taratibu, kwa kitunguu na dania, akaonja mchuzi wake kwa ncha ya kijiko, akaongeza chumvi, akaonja tena. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Ningekuwa na macho ya kuona badala ya macho ya kusahihisha, ningejua kuna kitu siku ile. Mimi niliona mwanamke mzima anampikia paka.

Ibada ilichukua saa nne. Tulizunguka mtaa kwenye jua, Jericho imebaki na mbwa, walinzi na sisi, tukimwimbia Mwokozi mbele ya mapazia yaliyoshushwa. Tuliporudi nyumbani saa tisa nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu chai ya alfajiri. Askofu hakuwapo, alisema anapitia mahali. Waumini walibaki uani, kati ya kamba za nguo, wakiimba kumsubiri, kwa kuwa hakuna kula kabla ya Askofu. Mama Nekesa alipanga meza, akaiweka sahani mbele ya kiti, akaifunika. "Eliza, kaa hapa uangalie paka," akaniambia, akatoka kwenda kuimba.

Nilibaki peke yangu na ile harufu. Ningependa kusema ilikuwa njaa, na njaa ilikuwepo, lakini kuku mzima alikuwa jikoni na chapati zilikuwa zimejaa beseni. Sikutaka kuku. Nilitaka ile. Nililitazama lile bakuli, nikaisikia sauti ya Askofu kichwani, nikawasikia wale wanawake wa masufuria, nikaona kwamba wote ni wajinga na kwamba jioni itakwenda kwa paka kama kawaida. Nikafunua. Nilikula kwa vidole, nikiwa nimesimama, kwa matonge matatu. Ilikuwa tamu ajabu. Nikarudisha bakuli, nikafuta vidole kwenye kitambaa cha mkono wa kile kiti kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, nikakaa kitini pangu kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Ngoma zikapanda. Mlango ulifunguliwa, Askofu akaingia na joho lake, ameshika mkono wa mwanamume mfupi mwenye shati jipya ambalo mikunjo ya pakiti ilikuwa bado haijanyooka. Alikuwa mfupi kuliko picha ya harusi. Nyuma yao waumini waliingia wakiimba, wakijibana ukutani, wanawake wakilia, na nyuma ya wote Mama Nekesa, haimbi, ameshika birika na karai, uso wake umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa mwaka mzima.

Baba Nekesa aliketi kwenye kiti chake. Hakuomba msamaha, alisema, "Kuku inanukia." Askofu aliomba kwa muda mrefu, akimshukuru Mungu kwa kumrudisha ndugu yetu kutoka Mombasa, na watu wakaitika amina bila mtu kucheka. Mama Nekesa alipiga magoti, akamnawisha. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono imefumbata birika, na mumewe akafunua bakuli. Palikuwa na mchuzi kidogo na kipande cha kitunguu.

"Hii ni nini?" akauliza.

Aliwatazama wanaume waliokuwa mle ndani, mmoja baada ya mwingine, Zablon, Kanali, yule mchungaji, akiwapima.

"Mama Nekesa, nani amekula hapa? Kuna mwanamume mwingine kwa hii nyumba?"

Mama Nekesa alitazama sahani. Halafu akatazama mkono wa kiti, kile kitambaa cheupe alichokifua Jumamosi, chenye michirizi mitatu ya mafuta. Halafu akanitazama mimi. Ningependa sana kuandika kwamba nilifungua mdomo. Mdomo wangu, uliosahihisha nusu ya Kenya mwaka ule, ulikaa umefungwa.

"Nimekula mimi," akasema.

"Mama," Askofu akasema, "unajua hilo neno unasema?"

"Najua, Askofu. Miaka tatu naipika, naifunika, inalala. Leo nilisikia njaa. Nimekula."

Mwanamke mmoja alipiga ukemi kama aliyefiwa. Baba Nekesa alicheka kidogo kwa pua, akasimama. "Basi kumbe nyumba iko na mwenyewe. Askofu, umenitoa kwangu kuja kuonyeshwa sahani tupu?"

"Kuku bado iko," Mama Nekesa alisema. "Kaa ule kama wengine."

Hakukaa. Alipita katikati ya kanzu nyeupe, na shati lake jipya, akashuka ngazi, na vijana wa ukutani, ambao nao kumbe hawakusafiri, nikawasikia wakimsalimu kwa jina. Askofu alisikitika sana. Alisikitika akila mapaja mawili na chapati nne, akieleza kati ya tonge na tonge kwamba mwanamke akila imondo amejifanya mwanamume, na nyumba haiwezi kuwa na wanaume wawili. Waliobaki walikula pia. Dhamiri zao ziliwauma, ila hazikuwauma matumboni.

Walipoondoka nilimfuata jikoni. "Mama Nekesa," nikaanza, "mimi ndiye..."

"Eliza, fua hicho kitambaa na sabuni ya kipande," akanikata. "Tumia maji moto. Mafuta hayatoki kwa baridi." Akanipa mgongo akaendelea kuosha vyombo. Jioni ile, kupitia ukutani, nilimsikia akilia, polepole, kama mtu anayefanya kazi ya kila siku.

Jumapili iliyofuata walimvua mshipi. Askofu aliufungua mwenyewe, akaukunja, akampa yule mwanamke aliyesema Mombasa ya Mukuru. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, isiyo na kosa, nami sikuisema, kwa sababu nilikuwa mgeni, kwa sababu wangenicheka, kwa sababu ningeonekana kama wao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwezi wa tatu mkataba wangu ulikwisha, na Mama Nekesa alinibebea lile sanduku hadi stendi. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimfanyia hisani, kwamba nilimkomboa kutoka kwa mume wa shati jipya na kanisa la vipofu. Upuuzi mtupu. Alimtaka mume wake, alimpikia, na mume akamrudia. Mimi nilikula mlango aliopitia. Niliwadharau wote mwaka ule, na katika chumba kizima mtu pekee aliyestahili dharau hiyo bila kupunguziwa alikuwa ameketi vizuri, mikono mapajani, inanuka dania.

Jana Nekesa alinipigia. Ni mwanamke mzima sasa, ana watoto wake, na sauti yake ni ya mama yake. Aliniambia kwamba kundini kuna ugomvi juu ya tanzia. Kumbe Jericho haikusahau. Baada ya kuvuliwa mshipi mama yake alihama kanisa, na wanawake wa mtaa wakaanza kumwita Mama Imondo, kwanza kwa kumcheka, halafu si kwa kumcheka. Aliyepigwa na mumewe alikimbilia kwake, aliyefukuzwa alilala kwenye chumba kilichokuwa changu. Wanawake hao wanataka kisa cha firigisi kisomwe mbele ya jeneza huko ushago. Askofu hataki. Anasema ni aibu kumzika mtu na neno kama hilo.

"Ati mama hangeweza kufanya hivyo," Nekesa akasema. "Ati ilikuwa paka, mama alikubali tu kwa hasira. Auntie Eliza, wewe ndio ulikuwa ndani ya nyumba. Niambie ukweli. Mama alikula?"

Nilikuwa nimeusubiri mlango huo kwa zaidi ya miaka ishirini, na hatimaye mtu alikuwa ameufungua na kusimama kando ili nipite. Mchele niliouacha juzi ulikuwa bado uko kwenye ungo.

"Alikula," nikasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alikula yote, na hakunibakishia hata kidogo."

Nekesa alicheka, halafu akalia, halafu akaniomba niandike hivyohivyo, kwa Kiswahili changu kizuri, ili kisomwe. Niliandika mistari minne. Nikaisoma mara mbili kutafuta makosa, kisha nikaituma.